Garaji ikigeuka etaje: nani atabaki kwenye kartie?

Katika makanisa yetu ya Baraka na Fizi kuna swali ambalo washiriki wanatuletea baada ya ibada, mara nyingi kwa sauti ya chini: "Mchungaji, wamekuja kuuliza bei ya parsela yetu. Tufanye nini?" Anayeuliza anaweza kuwa mjane aliyeachiwa kiwanja kando ya barabara kuu, au fundi wa magari ambaye kwa miaka mingi amepanga uwanja wa garaji na sasa anasikia kwamba mwenyewe anataka kuuza. Mara nyingine ni baba aliyerudi kutoka kambi ya Nyarugusu akakuta kiwanja kile ambacho zamani hakuna aliyekitamani kinatafutwa na watu watatu kwa dola.

Tumeona tusiishie kuwajibu mmoja mmoja. Jambo hili limekuwa la mji mzima, na kanisa lina neno la kusema juu yake. Lakini kabla ya kusema tunapaswa kuelewa kinachotokea.

Mji unaobanwa katikati ya mlima na maji

Baraka ilipewa hadhi ya mji kwa dekreti ya Juni 2013, pamoja na Uvira na Kamituga. Wengi wetu tulishangilia. Kuwa mji ni kuwa na meya, komini na makartie, na tumaini la barabara na maji. Lakini hadhi ya mji huleta pia kitu kingine: ardhi inaanza kupimwa kwa macho mapya. Shamba la jana la mihogo linaitwa parsela. Parsela nayo ina bei, na bei inapanda.

Sababu za kupanda ni nyingi, nasi tulizishuhudia moja baada ya nyingine. Mwaka 2005 wakimbizi wetu walianza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi bandari ya Baraka, na kwa miaka iliyofuata maelfu waliteremka pale na mabati na magodoro yao. Mashirika ya misaada yalikuja, yakatafuta nyumba za ofisi na za wafanyakazi, na wenye nyumba wakajifunza kupangisha kwa dola. Kuanzia 2015 ndugu zetu Warundi waliokimbia kwao walipokelewa Lusenda, baadaye na Mulongwe. Dhahabu ya Misisi nayo inatafuta mahali pa kulala, na mara nyingi inalala katika matofali. Ndugu zetu waliopelekwa Marekani kutoka kambi za Tanzania na Burundi wanatuma pesa, wakisema, "Ninunulieni kiwanja hapo nyumbani, hata kidogo." Na mwaka 2025, baada ya Goma kutekwa mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, familia nyingi zilishuka kuelekea kusini zikitafuta pa kuweka vichwa.

Watu wanaongezeka, lakini ardhi haiongezeki. Upande mmoja tuna milima, upande mwingine ziwa. Ziwa lenyewe limekuwa likipanda: 2020 na 2021, tena 2024, maji ya Tanganyika yaliingia katika nyumba za kando, kuanzia Uvira hadi kwetu. Waliokuwa karibu na maji wamelazimika kupanda juu. Kwa hiyo ukanda mwembamba wa ardhi kavu kando ya barabara ya taifa namba 5 ndio kila mwenye pesa anaoutazama.

Na katika ukanda huo kuna nini? Kuna magaraji. Kuna viwanja ambapo Fuso zinapakia samaki na mahindi, mahali pikipiki zinatengenezwa, depo za mafuta na mbao, na vibanda vya mama wanaouza chai na bugali kwa mafundi. Mtu mwenye pesa akipita hapo haoni garaji. Anaona magazini chini, vyumba vya kupangisha juu, na kodi ya kila mwezi. Ndiyo maana viwanja vya namna hii ni vya kwanza kuulizwa bei.

Hatusemi kwamba kujenga ni dhambi. Nabii Yeremia, katika sura ya 29, aliwaandikia watu wa uhamisho wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani, wautafutie mji amani. Mji wetu unahitaji nyumba nyingi na bora kuliko zilizopo. Nyumba ya etaje inaweza kukaza familia kumi mahali palipokuwa na moja, na kuacha ardhi nyingine kwa mashamba. Swali letu ni juu ya wale waliokuwa pale kabla ya etaje kuinuka: wanakwenda wapi, na wanakwenda na nini mkononi?

Yaliyotokea kwingine

Hatuko wa kwanza kupita njia hii. Huko Washington, mji mkuu wa Marekani, kuna barabara iitwayo 14th Street. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa barabara ya maduka ya magari, yenye vioo vikubwa na gari mpya ndani. Mwezi wa Aprili 1968, baada ya Martin Luther King kuuawa, hasira ilichoma sehemu kubwa ya maduka ya barabara hiyo, na kwa miaka mingi matajiri waliikimbia. Waliobaki ni watu weusi wa kipato kidogo, pamoja na makanisa yao. Wakati mji ulipopaacha, makanisa hayo yalizika wafu na kulisha wenye njaa.

Kuanzia miaka ya 2000 pesa zilirudi. Majengo ya zamani ya magari yakageuka maduka ya kifahari na mikahawa, na nyumba za ghorofa zinazouzwa sehemu kwa sehemu zikajaa. Kodi ikapanda, na ushuru wa nyumba nao. Mji ambao mwaka 1970 ulikuwa na watu weusi zaidi ya 70 katika kila 100, baada ya 2010 ulishuka chini ya nusu. Makanisa kadhaa yaliuza majengo na kuhamia nje ya mji, kufuata washiriki wao waliokwisha kuhama. Hakuna aliyewafukuza kwa fimbo. Walihesabu kodi ya mwezi wakaona haiwezekani.

Karibu zaidi nasi ni Nairobi, ambako wengi wetu tuna ndugu. Waliopita Ngong Road wanajua yadi zake za magari yaliyotumika. Jirani na hapo, Kilimani ilikuwa kartie ya nyumba za familia moja moja katika bustani kubwa. Leo ni msitu wa ghorofa, na wakaaji wake wanalalamika juu ya maji, mifereji ya uchafu na msongamano, kwa sababu mabomba yaliwekwa kwa ajili ya nyumba chache.

Lakini nchi hizo zinatufundisha pia jambo zuri. Uganda mwaka 2001, Tanzania mwaka 2008 na Kenya tena mwaka 2020 zilitunga sheria zinazomruhusu mtu kumiliki ghorofa moja, au sehemu ya ghorofa, kwa hati yake mwenyewe, huku ngazi, paa na uwanja vikiwa mali ya wote. Kwa njia hiyo mwenye kiwanja Dar es Salaam au Nairobi halazimiki kuuza na kuondoka. Anaweza kusema, "Mimi naleta ardhi, wewe leta saruji na chuma, halafu tugawane nyumba." Akiandika mkataba vizuri, anabaki kwenye kartie yake akiwa na makao na kodi ya kula uzeeni. Akiandika vibaya anabaki na maneno ya mdomo.

Karatasi na nguvu yake

Kwetu Kongo, sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 iliweka msingi huu: udongo ni mali ya Serikali, nasi tunapewa haki ya kuutumia. Mkongomani anaweza kupata konsesyo ya kudumu. Kinachothibitisha haki hiyo kikamilifu ni cheti cha kuandikishwa kinachotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Karatasi ya shefu wa kartie, au kipande cha daftari chenye sahihi tatu, husaidia kama ushahidi, lakini si cheti. Na sheria hiyo ilisema kwamba cheti kikimaliza miaka miwili bila kupingwa, kinakuwa vigumu sana kukiangusha.

Tafadhali tuelewe hatari iliyomo hapo. Mzee wetu amekaa kwenye kiwanja tangu kabla ya vita ya 1996. Ana shahidi, ana makaburi ya wazazi, ana miembe. Hana cheti. Mtu mwingine anakwenda ofisini na karatasi zake, anaandikisha, ananyamaza miaka miwili, ndipo anatokea na mashine za kujengea. Mzee anadai kwa machozi, mwenzake anadai kwa cheti. Kuhusu ardhi za wenyeji zinazokaliwa kwa desturi, sheria ileile ya 1973 iliahidi kwamba amri ya Rais ingezipangia utaratibu. Miaka mingi ilipita na amri ile haikuja. Katika pengo hilo ndipo komisioneri na wajanja wanapofanyia biashara.

Wanaoumia zaidi ni wajane na watoto wao. Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, haimwachi mjane barabarani. Watoto wa marehemu, wasichana sawa na wavulana, ni warithi wa kwanza, na mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe. Lakini mara ngapi tumeona ndugu wa mume wakikutana chini ya mwembe, wakauza, na mama akaambiwa habari wakati mnunuzi amekwisha kuleta mchanga? Binti za Selofehadi, katika Hesabu 27, walisimama mbele ya Musa na mkutano wote wakadai fungu la baba yao, na Mungu akasema kwamba wanasema haki. Habari hiyo ihubiriwe mbele ya wazee wa jamaa wakati wa matanga, kabla ya kiwanja kuuzwa.

Kiwanja kisicho na choo

Kuna upande mwingine wa jambo hili, nao ni uhai wenyewe. Fizi inajulikana kwa kipindupindu kinachorudi mwaka kwa mwaka. Kinarudi kwa sababu maji safi ni haba na vyoo vyetu ni vya shimo, mara nyingi karibu na kisima au mto. Uwanja wa garaji uliokuwa na mafundi kumi mchana na mlinzi mmoja usiku unapogeuzwa vyumba ishirini, watu mia moja wanalala pale. Choo ni ngapi? Maji yanatoka wapi? Kama mwenye kujenga hana jibu, uchafu utateremka kwa jirani wa chini, na jirani wa chini mara nyingi ndiye maskini.

Tena tunaishi juu ya bonde la ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko lenye ukubwa wa 6.8 lilitikisa ziwa letu upande wa Kalemie. Tarehe 3 Februari 2008 lilitikisa Bukavu, watu wakiwa kwenye ibada ya Jumapili. Nyumba ya matofali ya kuchoma ya chini tayari ina hatari yake. Etaje iliyojengwa kwa saruji iliyoibiwa nusu na chuma chembamba ni hatari zaidi. Dar es Salaam, siku ya Ijumaa Kuu ya 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Mwezi wa Novemba 2024, katika Kariakoo, jengo lingine lilianguka juu ya wafanyabiashara, na waliokufa walizidi 20. Dar es Salaam ina mainjinia na wakaguzi wengi kuliko sisi. Ikiwa huko yalitokea, Baraka tusijengee juu ya neno la "Mungu atalinda" mahali ambapo Mungu ametupa akili ya kupima.

Wale wasio na kiwanja

Fundi wa garaji hana cha kuuza, na wala mama wa chai hana. Wakati mwenye parsela na mnunuzi wanapopeana mikono, hawa wawili wanasikia habari mwishoni. Lakini garaji si gari tu. Ni shule: kijana aliyekataliwa na masomo kwa kukosa minervali anajifunza pale kushika spana badala ya kushika bunduki. Katika eneo ambalo vikundi vyenye silaha havikosi kumwita kijana asiye na kazi, kufunga garaji bila kuipatia mahali pengine ni kumpunguzia kijana huyo njia moja ya kuishi kwa amani.

Isaya, katika sura ya 5, aliwakemea wale waliounganisha nyumba kwa nyumba na shamba kwa shamba hadi pasibaki nafasi kwa wengine. Tukisoma vizuri, nabii hakupinga ukuta wala paa. Alilia juu ya nchi ambamo mtu mmoja anabaki peke yake katikati ya mali, na jirani hayuko tena.

Tunakiri sehemu yetu

Hatuwezi kunyosha kidole kwa wenye pesa tu. Sisi wachungaji na wazee wa kanisa tumekuwa tukiitwa kuwa mashahidi wa mauzo. Tunakaribishwa, tunaketi, tunapewa soda, tunaomba, tunatia sahihi. Mara nyingi hatukuuliza: mke yuko wapi? Watoto wakubwa wanajua? Huyu anayeuza ndiye mwenyewe, au ni shemeji wa aliye kambini?

Mwenzetu mmoja katika utumishi alikutana na mama aliyerudi kutoka Tanzania. Kiwanja chake kilikuwa na nyumba ya mtu mwingine. Akaonyeshwa karatasi ya mauzo, na chini ya karatasi palikuwa na sahihi ya mzee wa kanisa lake mwenyewe, aliyembatiza mtoto wake. Mzee hakuwa mwizi. Alitia sahihi kwa sababu aliombwa, na kwa sababu kukataa kungeonekana ni kukosa upendo. Mama yule hakugombana. Alisema tu, "Kumbe hata ninyi mlijua jina langu." Tangu siku ile mwenzetu haweki tena sahihi mahali ambapo hajaona uso wa mke na hajasikia sauti ya watoto.

Kanisa pia lina ardhi. Makomunote yetu mengi yalirithi konsesyo kubwa za misioni, penye shule, zahanati na makaburi. Bei ikipanda, jaribu la kukata kipande na kukiuza linapanda nalo: leo kwa ajili ya paa, kesho kwa ajili ya gari la ofisi. Tukiuza bila mkutano wa washiriki na bila hesabu iliyosomwa hadharani, tutahubirije habari ya Nabothi wa 1 Wafalme 21?

Shamba la Anathothi

Tunapenda kumaliza na Yeremia tena, sura ya 32. Yerusalemu imezingirwa na jeshi. Nabii mwenyewe ni mfungwa. Wakati huo usiofaa, jamaa yake anakuja kumtaka anunue shamba la Anathothi. Yeremia ananunua, na tazama jinsi anavyonunua: anamlipa mwenye haki ya kuuza, anapima shekeli 17 za fedha mbele ya mashahidi, anaandika hati mbili, moja imetiwa muhuri na moja iko wazi, na anamwagiza Baruku aziweke katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Alitumaini kwamba watu wangerudi kukaa katika nchi ile, na kwa sababu alitumaini, alitunza karatasi.

Sisi pia tuko katika nchi yenye vita. Kwa hiyo tunawashauri washiriki wetu haya:

1. Asiuze mtu kwa haraka kwa sababu ya hofu. Anayekuambia "leo au basi" anajua thamani ambayo wewe bado hujaijua. Uliza bei kwa watu watatu, na ulale kwanza.

2. Wenye kiwanja bila cheti waanze safari ya cheti sasa, hata kwa hatua ndogo. Familia kadhaa za avenyu moja zinaweza kwenda pamoja kwa huduma ya kadasta na kugawana gharama ya kupima.

3. Kabla ya kuuza, fikiri juu ya kupangisha ardhi au kugawana jengo na mwenye mtaji. Mkataba uandikwe, usomwe kwa lugha ambayo mama na watoto wanaielewa, upelekwe kwa notari, na nakala zikae mahali pawili tofauti.

4. Mchungaji, mzee au shemasi asitie sahihi ya ushahidi kama mke au mjane, watoto wakubwa na majirani wa mipaka yote hawapo. Akiambiwa hana upendo, avumilie.

5. Wenye kujenga walio washiriki wetu, pamoja na ndugu walioko ng'ambo wanaotuma pesa, wampe mpangaji wa zamani muda wa kutosha wa kuhama, wamwachie fundi na mama wa chai nafasi ya kwanza chini ya jengo kwa kodi wanayoweza, na wachimbe choo na maji kabla ya kuinua ghorofa ya pili.

6. Mabaraza ya makanisa yapeleke kwa meya na kwa wakuu wa komini ombi moja: mji utenge mahali pa magaraji na maegesho ya Fuso kabla ya viwanja vya sasa kwisha. Tukingoja viishe, tutaomba kitu ambacho hakuna tena.

Huenda miaka kumi ijayo barabara kuu ya Baraka itakuwa na etaje pande zote mbili. Tunaomba iwe hivyo kwa amani, na kwamba Jumapili, kengele ikilia, mama wa chai, fundi na mjane wawe bado wanaishi karibu kiasi cha kuisikia.

Bwana awalinde katika makao yenu.